Ampu Inazima, Sabufa Inanuka: Wapi pa Kuanza Kupima

Ampu nyingi zinazofikishwa kwa fundi kwa jina la "imeungua" hazijaungua. Zimejizima zenyewe kwa sababu zimefungiwa spika zisizolingana nazo, au zinapewa umeme mdogo kuliko kazi zinayotakiwa kuifanya, au viungio vyake vimeliwa na chumvi. Mwenye gari hayo hayaoni. Anachokiona ni taa nyekundu. Basi anakwenda Darajani, sokoni mjini Unguja, kununua ampu nyengine kubwa zaidi, anaifunga kwenye nyaya zile zile na spika zile zile, na wiki haijaisha nayo inazima.

Kabla hujafungua pochi, tafuta mita. Ile ndogo ya dijitali inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme inatosha. Itakujibu maswali matatu: spika zina omu ngapi (kipimo cha jinsi zinavyouzuia umeme, yaani ukinzani) zikishaungwa pamoja, ampu inapata volti ngapi besi inapopiga, na ampu inapeleka volti ngapi kwenye spika. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ziache kwanza. Tutazirudia, maana zina uongo wake.

Haiwaki kabisa

Hii ndiyo nyepesi, tuimalize. Ampu ya gari inahitaji nyaya tatu ili iamke: chanya kutoka kwenye betri, ethi kutoka kwenye bodi ya gari, na waya mwembamba wa rimoti kutoka kwenye redio. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye tundu la ethi la ampu yenyewe, nyekundu kwenye tundu la chanya. Unatakiwa uone volti 12 na kitu. Kisha hamishia ncha nyekundu kwenye tundu la rimoti, redio ikiwa imewashwa. Nako kuwe na 12 hivi. Chanya ikiwepo na rimoti ikawa tupu, tatizo liko kwenye redio au waya umekatika njiani. Ukikosa zote mbili, gusisha ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi badala ya tundu la ethi. Volti zikijitokeza hapo, ethi yako imekufa.

Redio nyingi zinazokuja na gari za mtumba kutoka Japani hazina waya wa rimoti, na hapo kila mtu hujitafutia njia. Kuifunga rimoti kwenye waya unaopata umeme funguo ikizungushwa ni sawa. Kuifunga moja kwa moja kwenye betri si sawa: ampu inakesha macho, na asubuhi gari inasukumwa.

Kuna na la kwetu visiwani. Ramadhani ikiingia, gari nyingi hazipigi muziki kabisa. Viungio vinakaa mwezi mzima ndani ya hewa ya bahari bila mtu kuvigusa, halafu mkesha wa Idi, kila dereva akitaka besi kwa ajili ya sikukuu, ampu haiamki. Legeza skrubu zake, sugua ncha za waya mpaka zitoe rangi ya shaba, kaza tena. Fyuzi nayo itoe uisugue miguu. Inaweza kuwa nzima kwa macho lakini imeshika ukungu wa kijani pale inapochomekwa.

Taa nyekundu, sauti hakuna

Taa nyekundu maana yake ampu imejilinda. Imeona kitu kinachoweza kuiua ikakataa kufanya kazi. Njia ya kujua imeona nini ni kuipunguzia mzigo.

Zima kila kitu. Chomoa nyaya zote za spika, chomoa na za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, ubakishe umeme na rimoti tu. Washa. Ikiwa bado ni nyekundu, na volti ulizopima ziko baina ya 12 na 14.5, basi kweli ndani kuna transista iliyokufa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu. Ikigeuka kijani au buluu, ampu ni nzima na adui yuko nje. Rudisha RCA kwanza, kisha spika moja moja, ukizima kila unapotaka kuchomeka. Ile itakayorudisha wekundu ndiyo ya kuishughulikia.

Mara nyengine waya wa spika umechubuka ukagusa bodi, hasa unapopita chini ya chuma cha kiti. Uchomoe kwenye ampu, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye waya huo, nyengine kwenye bodi: isisome chochote. Ikisoma, fuata waya mpaka upate palipochubuka. Halafu isukume sabufa yenyewe kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, pande zote kwa usawa. Ukisikia inakwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi ya spika) imeshavimba au imehama, na hakuna ampu itakayokaa nayo kwa amani.

Waya ukiwa mzima na koili nzima, basi ni omu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Ampu inatoa volti. Spika ndiyo inayoamua umeme kiasi gani upite. Chukua ampu inayotoa volti 20. Kwenye spika ya omu 4 zitapita ampea 5, sawa na wati 100. Kwenye omu 2 zitapita ampea 10, wati 200. Kwenye omu 1 ni ampea 20, wati 400. Ndiyo maana vijana wanapenda kushusha omu: ampu ile ile inalia zaidi. Na ndiyo maana inakufa, kwa sababu transista zilizopangiwa ampea 10 zinabebeshwa 20. Kila ampu ina kiwango chake cha chini, kimeandikwa mgongoni au kwenye kitabu: omu 4, 2 au 1. Baadhi zina viwango viwili, kimoja kwa kila chaneli, yaani njia ya kutolea sauti, na kimoja kwa chaneli zikiunganishwa. Visome vyote.

Sabufa ya omu 4 ukiipima haitasoma 4 kamili. Itasoma baina ya 3 na 3.8, kwa kuwa mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, na muziki ukipita ukinzani huo hupanda na kushuka kufuatana na sauti. Ya omu 2 husoma kama 1.5 hadi 1.9. Gusanisha ncha za mita kwanza uone zenyewe zina ngapi, aghalabu 0.2 au 0.3, uitoe hiyo kwenye jibu. Kwenye namba ndogo kama hizi, kijisehemu hicho kinaweza kukudanganya.

Ukiunga spika sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mbili za omu 4 zinakuwa 2. Ukiziunga kwa mfululizo, hasi ya moja ikaingia kwenye chanya ya nyengine, zinajumlishwa na kuwa 8. Hayo wengi wanayajua. Kinachowaponza ni sabufa zenye koili mbili, zile zenye sehemu nne za kuchomeka waya. Tuseme mtu wa Wete ana Noah, amenunua sabufa mbili za inchi 12, kila moja na koili mbili za omu 4. Hapo ana koili nne, si spika mbili. Akiziunga zote sambamba anapata omu 1. Akiunga koili za kila sabufa kwa mfululizo apate 8, kisha akaziweka sabufa mbili hizo sambamba, anapata 4. Omu 2 kwa koili zote nne zikigawana kazi sawasawa haipatikani. Kama ampu yake mwisho ni omu 2, basi apige kwa omu 4 na akubali nguvu pungufu. Au, kabla ya kununua, angechagua sabufa zenye koili mbili za omu 2: kila moja kwa mfululizo inakuwa 4, mbili sambamba zinakuwa 2, na ampu inapata kile kile inachokitaka. Lakini hizo hizo akiziunga zote sambamba zinashuka mpaka nusu omu, na ampu zinazostahimili nusu omu si za kuokota dukani.

Mtego mwengine ni ampu ya chaneli moja yenye jozi mbili za matundu ya spika. Macho yanakwambia kuna chaneli mbili. Hakuna. Kwa kawaida jozi hizo zimeunganishwa humo humo ndani, zimewekwa ili nyaya nene zipate pa kuingia. Sabufa ya omu 2 huku na ya omu 2 kule, ampu inaona omu 1.

Kuna na kubriji, yaani kuunganisha chaneli mbili ziendeshe sabufa moja. Hapo kila chaneli inaona nusu ya omu za spika, kwa hiyo ampu inayostahimili omu 2 kwa chaneli, ikibrijiwa mwisho wake ni 4. Ampu ya chaneli nne ikibrijiwa upande mmoja kisha ikapewa sabufa mbili za omu 4 sambamba, hiyo ni taa nyekundu ya uhakika. Wakati mwengine inachelewa. Inapiga vizuri dukani kwa sauti ndogo, inazima mtu akishafika Bububu.

Usichanganye sabufa za omu tofauti kwenye ampu moja. Zikiungwa sambamba, ya omu 2 inakula wati mara mbili ya mwenzake wa omu 4, inaungua mwanzo, na mwenye gari anasema ilikuwa feki. Spika zilizotolewa kwenye sabufa za nyumbani, ambazo aghalabu ni omu 6 au 8, haziidhuru ampu ya gari. Zinaipunguzia nguvu tu.

Inapiga, lakini besi ikishuka inazima na taa za mbele zinafifia

Huu ni ugonjwa wa umeme. Washa injini, weka muziki kwa kiasi unachokipenda, mita kwenye chanya na ethi za ampu. Kabla ya muziki unatakiwa uone baina ya 13.5 na 14.4. Sasa angalia inashuka mpaka wapi besi inapogonga. Ikienda chini ya 12 huku injini inazunguka, kuna kasoro. Ikikaribia 10, ampu nyingi hujizima. Na mita hizi za kawaida ni nzito kufuata, kwa hiyo mshuko wa kweli ni mkubwa kuliko unaouona.

Rudia kipimo hicho hicho juu ya betri. Betri ikibaki 13.8 na ampu inaonyesha 12, volti karibu mbili zinapotea njiani. Zitafute: ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyengine kwenye chanya ya ampu, muziki ukipigwa. Namba unayoiona ndiyo hasara ya waya mzima pamoja na fyuzi yake. Ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au umeoza. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi, kutoka hasi ya betri hadi ethi ya ampu; huko isizidi volti 0.2 au 0.3. Kwa gari zetu, mara nyingi huko kwenye ethi ndiko kwenye msiba.

Waya unaouzwa kwa seti, mnene na wa rangi ya kupendeza, mwingi si shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ndani kukiwa kweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa unene ule ule, ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba. Hesabu yake ni hii: waya wa shaba wa milimita mraba 8, ule unaoitwa namba 8, wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 60 unapoteza kama volti 0.65. Wa aluminiamu wa unene huo unapoteza karibu volti nzima. Wa shaba wa namba 4, milimita mraba 21, unapoteza robo volti tu. Na sehemu kubwa ya unene wa waya hizi ni mpira. Usinunue kwa kutazama nje.

Aluminiamu ina dhambi nyengine huku pwani. Inapokutana na shaba au chuma na maji ya chumvi yakapita baina yao, inageuka unga mweupe, na unga ule haupitishi umeme. Gari inayobeba samaki kutoka Malindi, maji yakitiririka mpaka chini ya zulia, ethi yake iliyofungwa sakafuni haitamaliza masika mawili. Ile inayolala ufukweni Nungwi haiko mbali nayo.

Ethi ifungwe hivi: chagua chuma kinene cha bodi, kisichokuwa kibati cha kuning'inia. Kwangua rangi mpaka chuma king'are. Tumia boliti na washa ya meno, si skrubu ya mbao. Waya uwe na unene sawa na ule wa chanya, urefu usizidi nusu mita. Ukishakaza, ndipo upake grisi au rangi juu yake ili chumvi isiingie. Ukipaka kabla ya kukaza umejifungia mlango mwenyewe. Boliti ya mkanda wa usalama iache ifanye kazi yake.

Nyaya zikiwa nzuri na bado betri yenyewe inashuka, basi alternata haitoshi. Ampu zina madaraja kufuatana na zilivyoundwa ndani. Ya daraja D inayotoa wati 500 za kweli, kwa ufanisi wa asilimia 80 hivi, inavuta kama ampea 45. Ile ya daraja AB yenye ufanisi wa nusu inavuta zaidi ya 70 kwa wati hizo hizo. Muziki haupigi kwa nguvu zote muda wote, ni kweli, lakini gari nayo ina taa, feni na mambo yake, na alternata haitoi ampea zake zote injini ikizunguka polepole. Gari ya njia iliyosimama ikisubiri abiria, singeli imefunguliwa, inakula betri kuliko inavyoijaza. Pandisha injini kidogo uone kama volti zinarudi. Zikirudi, umepata jibu. Hapo dawa ni kupunguza sauti ukisimama, au kuongeza unene wa nyaya tatu za mbele: alternata kwenda betri, hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi.

Atakuja mtu akuuzie kapasita, kihifadhi umeme, ya faradi moja yenye taa za buluu. Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, kapasita hiyo inatoa jouli 26. Ampu inayovuta wati 700 inazimaliza kwa chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kopo la maji katika nyumba ambayo mfereji hautoi. Pesa hiyo nunua waya wa shaba.

Fyuzi inakatika, na uongo wa wati

Fyuzi iliyo karibu na betri inalinda waya, si ampu. Iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na ukubwa wake ufuate waya: kama ampea 100 kwa shaba ya namba 4, 50 au 60 kwa namba 8, na chini ya hapo kwa aluminiamu. Ikikatika kila mara unapowasha, kabla hata ya muziki, kuna waya unaogusa bodi, aghalabu pale unapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani bila mpira wa kuukinga. Ikikatika besi ikizidi, ampu inavuta kuliko ulivyopanga. Rudi kwenye omu. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuchoma gari kwa hiari.

Fyuzi zilizochomekwa kwenye ampu yenyewe zina faida nyengine: hazijui kusema uongo. Zijumlishe, zidisha kwa 13.8, kisha kwa 0.8 kama ni daraja D au 0.5 kama ni AB. Ampu yenye fyuzi mbili za 30 ni ampea 60, yaani wati 828 zinazoingia. Zinazotoka haziwezi kuzidi 660 hivi, na kwa AB ni 400 na kidogo. Sasa hiyo ndiyo iliyoandikwa wati 3000 kwa herufi za dhahabu. Tafuta neno RMS, yaani wati za kweli zinazotoka mfululizo, kwenye kitabu, na uangalie RMS hiyo ni kwa omu ngapi. Namba inayofaa ni RMS ya ampu kwa omu utakazotumia, iwe baina ya robo tatu na moja na nusu ya jumla ya RMS za sabufa zako. Sabufa mbili za RMS 250 zilizoungwa zikawa omu 2 zinataka ampu ya RMS 500 kwa omu 2. Ampu ya RMS 500 kwa omu 1 haitakupa 500 hizo kwa omu 2; itakupa kama 300, wakati mwengine chini ya hapo.

Kelele ipo, uzito haupo

Sabufa mbili, na moja peke yake inapiga vizuri kuliko mbili kwa pamoja? Moja imeungwa kinyume. Inapotoka nje mwenzake anaingia ndani, na besi inajifuta. Chukua betri ya saa ya ukutani ya volti 1.5, gusisha kwenye nyaya za kila sabufa kwa nukta moja, chanya kwa chanya. Karatasi ya spika itoke nje. Inayoingia ndani imegeuzwa. Kwenye sabufa ya koili mbili pima kila koili kwa nafasi yake, maana koili mbili za sabufa moja zikipingana zinaungua bila kutoa sauti ya maana.

Zikiwa sawa, angalia chujio kwenye ampu linalopitisha sauti za chini tu, palipoandikwa LPF. Lizungushe karibu na hezi 80; likiwa kwenye hezi 200 sabufa inaimba na msanii, likiwa kwenye 40 nyimbo nyingi hazitaigusa. Mara nyengine besi hupotea kwa sababu sabufa inapingana na spika za mlangoni. Geuza swichi ya fezi (inayopindua mwendo wa sabufa, kutoka iwe kuingia), au nyaya za sabufa zote kwa pamoja, ukae kwenye kiti cha dereva, usikilize, uchague upande wenye besi nyingi.

Boksi nalo. Boksi la kufunga kabisa likivuja hewa kwenye pembe, besi inakuwa legevu. Pitisha mkono kwenye maungio muziki ukilia. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, hunywa unyevu, na masika yetu si ya mchezo. Ikivimba, skrubu za sabufa zinalegea. Plaiwudi ya kustahimili maji inadumu zaidi, ingawa ni nzito kwenye mkono na mfuko. Boksi lenye tundu lina sharti lake: chini ya sauti ambayo tundu lilipimiwa, hewa haiizuii tena karatasi ya spika, nayo inatapatapa mpaka inang'oka. Kama ampu ina chujio la sauti za chini sana, liweke kwenye hezi 25 hadi 30.

Harufu ya kuungua

Zima sasa hivi. Harufu ile ni gundi ya koili.

Watu husema sabufa imeungua kwa kupewa ampu ndogo. Spika haiungui kwa wati chache. Inaungua pale mtu anapotaka ampu ndogo ilie kama kubwa, akapandisha geini mpaka mwisho. Ampu ikifika ukomo wa volti zake, mawimbi yanakatwa vilele, na wimbi lililokatwa likawa la mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kimo kile kile. Joto lote hilo linaishia kwenye koili. Singeli inaongeza balaa, maana mapigo yake yanapita 200 kwa dakika na koili haipati nafasi ya kupoa kama inavyopata kwenye taarab. Faili iliyorekodiwa upya mara nyingi kutoka simu hadi simu huwa imeshakatwa vilele kabla haijafika kwenye gari.

Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha volti za redio na zile ampu inazozihitaji. Iweke kwa mita. Chomoa sabufa. Besi ya redio irudishe sifuri, laudnesi (kitufe cha redio cha kunenepesha sauti) zima, kitufe cha kuongezea besi kwenye ampu weka sifuri. Kwenye hicho cha mwisho nina neno: kuongeza desibeli 3 ni kudai wati mara mbili, 6 ni mara nne, 12 karibu mara kumi na sita. Mimi naona kiondolewe kabisa. Sasa piga sauti ya majaribio ya hezi 50 kwa robo tatu ya sauti ya redio, mita kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya spika ya ampu. Zidisha wati RMS unazozitaka kwa omu zako, tafuta kipeuo cha pili: wati 300 kwa omu 4 ni volti 34.6, wati 300 kwa omu 2 ni 24.5, wati 500 kwa omu 2 ni 31.6, wati 500 kwa omu 1 ni 22.4. Pandisha geini kutoka sifuri taratibu mpaka mita isome namba hiyo, uiache hapo. Ikiwa namba haifikiwi hata geini ikiwa juu, ampu haina wati zile, au redio haitoi volti za kutosha kwenye RCA.

Abiria akikuomba uongeze, ongeza kwenye redio mpaka ile robo tatu, basi.

Inapiga nusu saa, kisha kimya

Joto. Ikirudi yenyewe baada ya kupoa, hakuna shaka. Ampu iliyosukumwa chini ya kiti na kufunikwa zulia haipumui, na wakati wa kaskazi gari iliyosimama juani tayari ni tanuri kabla hujawasha kitu. Iache nafasi ya vidole vinne juu na pembeni, usiifunge kwenye boksi la sabufa linalotikisika, na kama ina feni hakikisha inazunguka. Vumbi la barabara za shamba huwa limeijaza. Ikichemka hata sehemu yenye hewa, omu ziko karibu mno na ukomo wake.

Mlio unaopanda na injini

Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta unatoka kwenye alternata na unaingia kupitia ethi mbaya au RCA. Chomoa RCA kwenye ampu. Mlio ukikoma, unakuja na RCA: zipitishe upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande wa pili, na redio ifungwe ethi ya kweli kwenye chuma, si kwenye waya mwembamba wa nyuma ya dashibodi. Mlio ukibaki hata RCA zikiwa nje, rudi kwenye ethi ya ampu. Sabufa zikiwa na chujio la hezi 80 mlio huo hutausikia humo. Utausikia kwenye spika za milangoni, kwa hiyo usianze kufungua boksi la sabufa kuutafuta.